Andalusia: Kutazama Maji Kabla ya Makasri



Kila likizo ya Aprili inapokaribia, hutujia swali moja kutoka kwa akina mama wasomao ukurasa huu: mtu aliyejaaliwa akiba kidogo, ambaye ameshakwenda Umra na jamaa zake, na sasa anataka kuwaonyesha watoto ulimwengu, awapeleke wapi? Wengi hutaja Dubai. Wengine, kwa sauti ya chini kidogo, hutaja Uhispania, kisha huongeza swali la pili lililo zito kuliko la kwanza: je, yafaa kweli mtu kulipa kiingilio ili akatazame msikiti usiosaliwa?

Jibu letu ni kwamba yafaa, lakini si kwa namna waendavyo wengi. Wapo waingiao Andalusia kama watu waendao matangani, wakatokwa na machozi mbele ya kila ukuta. Wapo waendao kujigamba, wakawahesabia watoto majina ya wafalme na vita walivyoshinda. Watoto huchoshwa na yote mawili kabla ya siku ya pili kwisha. Sisi twapenda msomaji wetu aende na jicho la mwenye nyumba: aulize maji yalitoka wapi, joto lilizuiwa vipi, mlango ulielekea wapi, mtoto alifundishwa na nani. Nchi ile hujibu maswali hayo kwa uwazi kuliko inavyojibu maswali ya wafalme.

Na tusidhani kwamba sisi wa pwani tunakwenda huko kama wageni kabisa. Mwaka 1331 Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja, akiwa njiani kwenda Kilwa. Katika machache aliyoyataja kuhusu mji wetu ni ndizi, ndimu na samaki, misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na visima vilivyokuwa penye milango ya misikiti hiyo, ambapo kila aingiaye hujitekea maji akaosha miguu yake. Mwaka 1350 msafiri huyo huyo alikuwa Granada, ambayo vitabu vyetu huiita Gharnata, na huko akakutana na kijana mwandishi, Ibn Juzayy. Miaka michache baadaye, mjini Fez, kijana huyo ndiye aliyeandika safari zote za Ibn Battuta kama alivyosimuliwa. Basi habari ile ya visima vya Mombasa, tunayoisoma hadi leo, iliandikwa kwa kalamu ya mtu wa Granada.

Twapendekeza kuanzia Córdoba, yaani Qurtuba. Kutoka Madrid, garimoshi la kasi hufika huko kwa muda usiotimia saa mbili. Msikiti wake mkuu ulianza kujengwa na Abd al-Rahman wa Kwanza katika miaka ya 780, ukapanuliwa mara tatu na watawala waliomfuata, na leo una nguzo zaidi ya 850. Mwonyeshe mtoto nguzo zenyewe kwanza. Hazifanani: nyingine ni za kijivu, nyingine zina rangi ya waridi, nyingine nyeusi, kwa kuwa wajenzi wa mwanzo waliziokota katika majumba ya Warumi na ya Wavisigothi yaliyokwisha kuanguka. Zilikuwa fupi mno kwa paa la jengo pana kiasi kile, na jengo pana lenye paa la chini huwa na giza na joto. Wakapandisha tao juu ya tao, jiwe jeupe kwa tofali jekundu, hewa ikapata njia. Uzuri ule unaopigwa picha na ulimwengu mzima ulizaliwa na shida ya nguzo fupi, na kila mama aliyewahi kuunganisha vipande viwili vya kitambaa ili nguo itoshe atauelewa papo hapo.

Mihrabu ni kazi ya zama za al-Hakam wa Pili, katika miaka ya 960. Vipande vidogo vidogo vya kioo na dhahabu vilivyoipamba vililetwa kutoka Constantinople, pamoja na fundi, kama hiba ya kaisari Mkristo kwa khalifa Mwislamu. Katika kasri la khalifa huyo alikuwapo mwanamke aitwaye Lubna, karani wake, ambaye wanahistoria wa Andalus wamemsifu kwa hati nzuri, kwa nahau, kwa mashairi na kwa hesabu. Binti akishajua jina hilo, ataitazama Córdoba kwa namna nyingine.

Sasa tufike penye uchungu wenyewe. Mji ulitekwa mwaka 1236, msikiti ukafanywa kanisa, na kuanzia mwaka 1523 likajengwa kanisa kuu katikati yake, likapasua safu za nguzo. Waislamu hawaruhusiwi kusali humo. Waislamu wa Uhispania wameomba ruhusa hiyo katika miaka ya karibuni na wamekataliwa. Twawausia wasomaji wasali kabla ya kuingia. Upo msikiti mdogo katika bustani za Colón, kaskazini mwa mji mkongwe, na msafiri anayo ruhusa yake ya kupunguza na kukusanya. Kusujudu ndani kwa ubishi, walinzi wakamkimbilia baba mbele ya wanawe, hakumrudishii mtu msikiti. Watoto watabaki wakikumbuka fujo tu. Mtoto akiuliza, na atauliza, mbona mihrabu ipo na hakuna asaliye, ajibiwe kweli yote, pamoja na ile isiyotupendeza. Aambiwe kwamba Ibn Rushd, kadhi wa mji huu huu, alifukuzwa na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa mwaka 1195 kwa amri ya mtawala Mwislamu. Aambiwe pia kwamba familia ya Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyezaliwa hapo, iliukimbia mji kwa dhiki iliyoletwa na watawala Waislamu. Andalus haikuwa pepo, na mtoto aliyefundishwa kuwa ilikuwa pepo atakuja kuwadharau waliomfundisha siku atakapojisomea mwenyewe.

Kutoka Córdoba hadi Granada ni safari nyingine ya garimoshi isiyotimia saa mbili. Njiani, upande huu na upande huu, ni mizeituni. Vilima vyote vimetiwa safu za mizeituni kana kwamba vimechanwa kwa kitana. Hapa ndipo mchezo mzuri wa watoto unapoanzia. Mhispania huliita tunda hilo aceituna, nasi twaliita zeituni. Sukari kwake ni azúcar, zafarani ni azafrán, asumini ni jazmín. Mtu asiyetajwa jina, ambaye sisi humwita fulani, wao humwita fulano. Nao wanapotamani jambo litokee husema ojalá, ambalo asili yake ni matamshi ya Kiarabu yenye kumtaja Mwenyezi Mungu, ingawa wengi walisemao hawana habari hiyo. Watoto wetu waliyaokota maneno haya moja moja sokoni wakayaandika daftarini, na daftari lile limedumu nyumbani kuliko picha zote tulizopiga.

Alhambra yataka mipango. Tikiti hununuliwa mapema kwa intaneti, pasipoti huchukuliwa siku ya kuingia, na saa ya kuingia makasri ya Banu Nasr huandikwa katika tikiti. Ukiipitisha, waweza kuzuiwa mlangoni. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1238, na makasri yanayoonekana leo kwa sehemu kubwa ni ya karne ya 14. Kutani yamerudiwa, mara nyingi isivyohesabika, maneno ya Kiarabu yenye maana kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mtoto aliyekwisha kuhitimu juzuu chache chuoni atayasoma bila mkalimani, na watalii walio karibu watamgeukia. Lipu ya chokaa iliyochongwa maua na nyota itamkumbusha mtu wa Lamu zidaka za nyumba za kale, ijapokuwa mkono ni mwingine.

Lakini fuateni maji. Kasri liko juu ya kilima kikavu, na mto Darro uko chini bondeni. Yalipandaje? Hayakupanda. Wajenzi walikwenda kuyatwaa mtoni juu zaidi, yapata kilomita sita kutoka hapo, wakayaleta kwa mfereji mmoja uliochongwa ubavuni mwa mlima, ukishuka kidogo kidogo mno, hata ulipofika kilimani ulikuwa ungali juu ya bustani na makasri. Kila birika, kila chemchemi, kila kijito kinachotiririka penye ngazi, hadi simba 12 wa marumaru katika ua wa Muhammad wa Tano, vilipata maji kwa mfereji huo. Kingo za beseni la simba zimeandikwa shairi la Ibn Zamrak. Katika bustani za Generalife maji yanasikika kabla ya kuonekana. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko tulivyokaa katika ukumbi wa wafalme, na hakuna mtoto aliyeuliza tutaondoka saa ngapi.

Jioni vukeni bonde muingie Albaicín, mtaa wa kale ulio mkabala na Alhambra. Njia yenyewe hupita El Bañuelo, hamamu ya karne ya 11, ambayo paa lake lina matundu ya nyota yanayoteremsha mwanga kama vile mtu anavyopepeta unga. Aliyeona Hamamni kule Unguja atatambua mpango wa vyumba. Juu mtaani, kando ya uwanja wa San Nicolás, upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003. Una bustani ndogo iliyo wazi kwa wageni, na kutoka humo Alhambra huonekana yote ikiwa mbele ya milima yenye theluji. Kusikia adhana hapo, baada ya Córdoba, ni jambo tusilotaka kulieleza sana. Kila familia itajionea.

Waongozaji wengi hapo husimulia habari ya Aisha, mama yake mfalme wa mwisho, kwamba alimsuta mwanawe kwa kulia kama mwanamke juu ya mji alioshindwa kuulinda kama mwanamume. Wanahistoria huiona kuwa hadithi iliyotungwa baadaye. Sisi tunaichukia kidogo hadithi hiyo, kwa sababu ukiuliza nini kilitokea baada ya funguo za Granada kukabidhiwa, tarehe 2 Januari 1492, utakuta kwamba waliobaki wakilinda walikuwa hasa wanawake.

Tazameni nyumba za mtaa huu. Nje ni ukuta mtupu, ndani ni ua, maji na mti wa matunda. Nyumba ya namna hiyo yenye bustani huitwa carmen, neno litokalo katika Kiarabu karm, shamba la mizabibu. Katika nyumba za kale njia ya mlangoni hupinda, ili apitaye barabarani asiwaone walio ndani. Mwenyeji wa Lamu au wa Mji wa Kale hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa fikirini amri iliyotangazwa katika mji huo tarehe 1 Januari 1567. Mkataba wa mwaka 1491 uliokuwa umewaahidi Waislamu dini yao ulikwisha kuvunjwa kitambo, wote wakabatizwa kwa nguvu, wakaitwa Moriscos. Amri hiyo mpya ya mfalme Felipe wa Pili iliwapa miaka mitatu waache kabisa Kiarabu, kusema na kuandika. Iliwakataza wanawake kufunika nyuso, na kuvaa mavazi yao ya asili. Ilifunga mahamamu. Ilikataza hina. Na ikaamuru milango ya nyumba iachwe wazi siku za Ijumaa, ili wapitao waone nani kaoga, nani kavaa nguo safi, nani kasimama akaelekea kusini. Nyumba iliyojengwa isionekane ndani ikalazimishwa kuonekana, tena siku ile ile.

Mzee mmoja wa mji, Francisco Núñez Muley, aliandika utetezi uliobaki hadi leo. Hoja zake ni za mtu ajuaye gharama za nyumba. Alisema mavazi ni desturi ya nchi na si dini, na kwamba mwanamke maskini hana fedha za kutupa nguo zake zote akanunua nyingine. Akauliza mzee aliyezeeka katika lugha moja atajifunzaje nyingine kwa miaka mitatu. Akataja kwamba Wakristo wa Malta na wa Mashariki husema Kiarabu na hawaambiwi si Wakristo. Hakusikilizwa.

Basi mambo yakaingia ndani zaidi, jikoni na vyumbani. Kumbukumbu za mahakama za Inquisition zimejaa wanawake walioshtakiwa kwa kufunga Ramadhani, kwa kuosha maiti kwa desturi ya Kiislamu, kwa kuwafundisha wana wao sura fupi. Lugha nayo ilipopotea, wakawa wanaandika Kihispania kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika tenzi na barua za Kiswahili. Mwaka 1884, kaskazini katika jimbo la Aragon, nyumba moja ya kijiji cha Almonacid de la Sierra ilibomolewa, na chini ya sakafu ya uongo vikaonekana vitabu vingi vya namna hiyo, vilivyofichwa karibu miaka 300. Aliyevipanga hapo alitumaini kurudi.

Mkirudi Mombasa, wapelekeni watoto Fort Jesus. Ngome hiyo ilianza kujengwa mwaka 1593, wakati Ureno na Uhispania zilipokuwa chini ya mfalme mmoja, naye ni Felipe yule yule. Mkono uliofungua milango ya Albaicín siku za Ijumaa ndio uliotia saini mawe yale tunayopita kila siku tukienda sokoni.

Kabla ya kumaliza safari, maneno machache ya kazi. Visa ya Schengen huombwa si mapema zaidi ya miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Bima ya safari lazima iwe ya euro 30,000 au zaidi. Tangu Juni 2024 ada imekuwa euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, mbali na malipo ya ofisi ipokeayo maombi. Agosti tusiende, Córdoba huzidi nyuzi 40. Aprili michungwa imechanua na hewa ni nzuri, lakini angalieni tarehe za Pasaka, kwani juma linalotangulia sikukuu hiyo mitaa hufungwa na maandamano na bei za vyumba hupanda.

Chakula chataka uangalifu, kwa kuwa mapaja ya nguruwe hutundikwa hata katika maduka ya kawaida. Mtu asiridhike kuambiwa kwamba chakula hakina nyama: supu nzito ya nyanya iitwayo salmorejo hunyunyiziwa vipande vya nguruwe juu, na vile vitamutamu viitwavyo mantecados hukandwa kwa mafuta yake. Samaki wa kukaanga kwa mafuta ya zeituni ni wa kutegemewa, vivyo hivyo mabiringani ya kukaanga yaliyomwagiwa asali ya miwa. Mjini Granada, katika vichochoro vya Calderería, wamo Wamoroko wenye mikahawa ya chai na maduka ya halali.

Wenye siku mbili za ziada wapande basi kutoka Granada hadi Alpujarras, mwendo wa kama saa mbili, upande wa kusini wa milima ya Sierra Nevada. Vijiji vya Pampaneira, Bubión na Capileira vimening'inia juu ya bonde moja, kimoja juu ya kingine, vyeupe vyote, na mapaa yake ni bapa, ya udongo wa kijivu usiopitisha maji. Sehemu nyingine nyumba huvuka juu ya kichochoro zikaungana, kama wikio za Lamu, na mtu hupita chini kivulini. Kilele kirefu kuliko vyote, mita zaidi ya 3,400, kinaitwa Mulhacén, kwa jina la Mulay Hasan, baba wa mfalme wa mwisho wa Granada.

Huku ndiko Moriscos walikoasi mwishoni mwa mwaka 1568 kwa sababu ya amri ile. Vita viliposhindwa, waliondolewa wakatawanywa, na kati ya mwaka 1609 na 1614 wote waliosalia Uhispania, watu wapatao 300,000, walifukuzwa nchini, wengi wakaishia Morocco, Algeria na Tunisia. Wenyeji husimulia kwamba kila kijiji kiliamriwa kubakiza familia mbili, ili wageni walioletwa kutoka kaskazini wafundishwe mifereji ya maji. Kwani mifereji hiyo haijitambulishi. Mingine huchukua theluji iyeyukayo juu mlimani na kuimwaga kwa makusudi penye ardhi inayonyonya. Maji hupotea, kisha huibuka katika chemchemi za chini baada ya wiki au miezi, wakati wa kiangazi, mashamba yanapoyahitaji. Mingi bado inatumika, na zamu za maji bado hugawanywa. Iliyokufa, watu wa Chuo Kikuu cha Granada pamoja na wakulima na wenye kujitolea wamekuwa wakiizibua kwa majembe mwaka hadi mwaka. Mfereji kwa Kihispania ni acequia, kwa Kiarabu saqiya, na asimamiaye zamu bado huitwa kwa jina litokalo humo.

Juu ya Capileira ipo njia ya miguu inayofuata mmojawapo wa mifereji hiyo, na hata mtoto mdogo aweza kuitembea. Wachukulieni masweta na soksi nzito. Aprili theluji ingali juu ya mlima, na usiku wa huko si baridi ya Julai ya Mombasa.